Oili Aliyoimimina Ferista

Mwaka ule Igamba nzima iligeuka kuwa fundi wa magari. Hata mabibi ambao hawajawahi kushika usukani walikuwa na la kusema juu ya pikapu ya Mzee Ezron. Ikipita barabarani asubuhi na magunia yake ya mahindi, mtu anaacha jembe, anatega sikio. "Inagonga hiyo," anasema. "Mzee habadilishi oili. Ubahili tu." Mwenzake anadakia, "Si ubahili, ni uzee. Kafiwa na mke, kichwa hakijatulia." Kisha wanaendelea kulima, wameshamaliza kesi ya mtu bila hata kumwita.

Watu bwana! Ezron hakuwa bahili, wala kichwa chake hakikuwa na kasoro yoyote. Galoni ya oili mpya ilikuwa imelala chini ya kitanda chake siku nyingi, kizibo hakijaguswa. Filta nayo ipo, kwenye kiboksi chake, juu ya kabati la vyombo. Vitu vyote alikuwa navyo. Alichokosa ni moyo wa kuingia chini ya gari, kufungua ile bolti ya kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuiacha oili ya zamani itoke. Sababu yake hakumwambia mtu, maana alijua akiitamka kwa sauti itaonekana upuuzi.

Na sababu yenyewe ni hii: oili iliyokuwa ndani ya injini ile ilimiminwa na mkewe, Ferista, kwa mkono wake mwenyewe, na Ferista alikuwa amekufa.

Ezron alizaliwa mtoto wa mkulima wa kahawa, akawa mkulima wa kahawa. Ujanani alifanya utingo kwenye lori la kubeba kahawa, na huko ndiko alikojifunza gari, kwa kuchafuka na kutukanwa. Mwaka mmoja kahawa iliwatendea wema, akaenda Vwawa na kurudi na pikapu ya bluu ambayo tayari ilikuwa imechakaa mikononi mwa watu wengine. Ferista alilia siku hiyo. Yeye alitaka bati. Nyumba inavuja, mwanamume analeta gari! Alinuna siku kadhaa, chakula anakiweka mezani bila kusema karibu, halafu hasira ikamwishia akaanza kuitania ile pikapu. Akaiita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu kaamkaje leo?" anauliza asubuhi, anafagia uwanja.

"Kaamka na kikohozi," Ezron anajibu, kichwa kipo ndani ya boneti.

"Mpe dawa. Mimi nikikohoa unaniambia ninywe maji ya moto, yeye unamnunulia oili."

Wanacheka. Na pikapu ile, jamani, iliwalisha. Ilibeba kahawa yao na ya majirani, ikabeba mbolea, ikabeba kwaya kwenda semina Isansa, ikabeba wajawazito na maiti. Bati lilikuja baadaye, limebebwa na pikapu hiyohiyo, na Ferista akasema haya, leo mke mwenzangu kanikoga.

Fundi hakuwahi kubadili oili ya gari lile. Ezron alisema fundi ana magari ya watu wote kichwani, yeye ana lake moja. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani, Jumamosi, na ilikuwa kazi ya watu wawili kama kutwanga kwa michi miwili. Kwanza anawasha injini, inanguruma hadi ipate moto kidogo, ili oili ilegee. Kisha anapandisha magurudumu ya mbele juu ya magogo mawili ya mlingoti, anatandika gunia, anaingia chini na spana yake. Anaweka beseni. Anafungua bolti, anaifuta, anaitia kwenye mfuko wa shati, na oili chafu inaanza kushuka. Ferista yuko juu, amesimama kwenye kigoda, ameshika galoni ya oili mpya na mdomo wa chupa ya maji aliyoikata iwe mrija.

Sasa Ezron alikuwa na tabia yake. Aliipenda ile oili itoke hadi tone la mwisho. Anakaa chini kule, anaitazama inavyochuruzika, inavyokatika, inavyodondoka, tone, kimya, tone. Hafungi. Angeweza kukaa hadi jua lizame. Basi Ferista ndiye aliyekuwa saa yake. Akichoka kusimama anapaza sauti kutoka juu:

"Nimimine?"

Hapo ndipo Ezron anazinduka na kuikumbuka bolti. Anaitoa mfukoni, anaifunga, anaikaza kwa spana, anaifuta kwa kitambaa, ndipo anajibu, "Mimina, mama."

Miaka yote ile ilikuwa hivyo. Ferista hakuwahi kumimina bila kuuliza, na Ezron hakuwahi kufunga kabla ya kuulizwa. Akishajibu anabaki palepale chini kuangalia kama bolti inavuja. Kutoka pale anaona miguu tu ya mkewe, visigino vilivyopasuka kwa shamba, na pindo la kanga. Aliijua miguu ile kuliko alivyoijua yake.

Oili chafu ilikuwa mali ya Ferista. Anaichukua na kopo na brashi, anazunguka nayo nyumba nzima akipaka nguzo: za ua, za banda la nguruwe, za ghala la mahindi. Mchwa wa Igamba hawana adabu, wanakula hadi mguu wa meza mnayolia chakula. Lakini kwa Ferista walikula hasara. Nguzo zake zote zilikuwa nyeusi tii, na wageni waliogusa waliondoka na alama kwenye nguo, yeye akicheka.

Mara ya mwisho walifanya kazi hiyo kahawa ikianza kuiva. Alimimina, akapaka nguzo zake, akaja kukaa kwenye kigoda mkono ukiwa kifuani. "Leo nimechoka, baba Rozi," alisema. Ezron akamwambia anywe maji ya moto. Wiki iliyofuata kifua kilimbana alfajiri, Ezron akambeba hadi kwenye pikapu, akamkimbiza hospitali, na hakurudi naye akiwa hai. Alirudi naye nyuma ya pikapu, amefunikwa shuka, yeye mwenyewe akiendesha. Walimwambia ampe mtu mwingine usukani. Alikataa. Msibani wanaume wakamshika bega, "Jikaze, mzee mwenzetu," na kweli akajikaza, hata chozi moja hakutoa. Walimsifu kwa hilo. Sijui wanaume wanasifia nini kwenye jambo kama hilo.

Ferista alizikwa nyumbani, nyuma ya jiko, pale mibuni inapoanzia. Rafiki yake Ezron, Yonasi, mzee wa kanisa na jirani wa ua kwa ua, alichonga msalaba wa mti, wakaandika jina kwa rangi nyeupe. Kujengea kwa saruji kungefuata baadaye, udongo ukishatulia, kama ilivyo desturi.

Siku chache baada ya watu kutawanyika, Ezron alifungua boneti kupima oili. Alivuta kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa bado ina rangi ya asali. Akaisugua kati ya vidole viwili. Akakumbuka mkono ulioimimina, jinsi Ferista alivyoinamisha galoni pole pole ili isimwagike hata kidogo, na akasimama pale na vidole vyake vyenye mafuta, hajui afute wapi. Nguo za Ferista ndugu walikuwa wameshagawana. Kitanda chake kilikuwa kimebadilishwa shuka. Hiki tu ndicho kilichobaki kama alivyokiacha, na hakuna shangazi angekuja kukidai.

Ndipo alipoamua, bila kujiambia kwamba ameamua, kwamba oili ile haitoki.

Ilipowadia wakati wa kubadili, akasema baada ya palizi. Palizi ikaisha, akasema mvua zikikatika. Rangi ya asali ikawa ya chai, chai ikawa ya masizi, naye kila asubuhi anavuta kijiti anaangalia kama anayemjulia hali mgonjwa. Kipimo kikaanza kushuka. Mtu mwenye akili zake angejazia, na Ezron alijua hivyo vizuri kabisa, lakini kujazia aliona ni kumchanganya Ferista na oili ya dukani. Akajazia mara moja, kidogo mno, akajuta siku nzima. Baada ya hapo akawa anaendesha taratibu na kukataa safari za mbali, akidhani ataibembeleza injini iishi kwa huruma. Injini haina huruma.

Ikaanza kugonga. Mwanzoni ni asubuhi tu, ngo, ngo, halafu inanyamaza ikipata moto. Baadaye ikawa inagonga kwenye kila kilima.

Yonasi alimwambia siku wanatoka kanisani. "Ezron, gari linalia. Unalisikia?"

"Nalisikia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nimesema nalisikia."

Yonasi akaona hapa hakuna la kuzungumza, akampigia simu Rozi. Rozi ni mtoto pekee wa Ezron na Ferista aliyebaki. Anakaa Tunduma, anauza vitenge karibu na mpaka, anawaita wateja wa Zambia kwa Kibemba na kugombana na wapagazi kwa Kiswahili, vyote kwa pumzi moja. Moyo wake ni mzuri, ila ulimi hauna breki. Alimpigia baba yake jioni hiyohiyo.

"Shikamoo baba. Nimesikia unaliua gari."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Usiulize nani. Baba, una presha, goti bovu, na upo peke yako. Mama mwenyewe ulimfikisha hospitali kwa sababu gari lilikuwepo. Wewe ukianguka usiku nani atakubeba, nguruwe? Gari hilo likifa, unakuja kukaa kwangu. Na safari hii sikubembelezi."

Ezron alipandwa na hasira. Kumwacha Ferista nyuma ya jiko peke yake, na hata saruji hajawekewa! "Likifa," alisema, na Yonasi alikuwa ameketi palepale akisikia, "hutakuja kunichukua. Nitakuja mwenyewe. Likipona, usinitajie tena Tunduma mpaka nife."

"Sawa baba. Umesema mwenyewe. Jumamosi nakuja kuangalia."

Alipokata simu ndipo maneno yake yakamrudia. Ili abaki karibu na kaburi la Ferista, inabidi amwage oili ya Ferista. Akiing'ang'ania oili, atalipoteza gari, na kaburi atakuwa analiona Krismasi hadi Krismasi kama mgeni. Alikaa na jambo hilo usiku ule na uliofuata. Aliona limekaa vibaya kila upande. Mwishowe aliamua kaburi ndilo lenye haki.

Ijumaa jioni alikwenda kumwambia Ferista. Alisimama mbele ya msalaba, kofia mkononi, hata hajaanza kusema akaona vijia vya udongo vinapanda kwenye mti kutoka chini. Mchwa. Walikuwa wameshafika kwenye herufi ya mwisho ya jina. Akavibomoa kwa kidole gumba, huku akiwatukana mchwa wale matusi ambayo mzee wa makamo yake hapaswi kuyajua. Mke aliyewashinda mchwa maisha yake yote, leo wamemfuata hadi hapa! Lakini hasira hiyo ilimsaidia, maana ilimpa kazi. Oili ikitoka haitamwagwa. Ataiweka kwenye dumu, nayo itapakwa hapa.

Jumamosi asubuhi aliamka mapema, Rozi akiwa bado njiani. Aliwasha gari, likagonga hadi kuku wakahama uwanja. Akalipandisha kwenye magogo, akatandika gunia, akaingia chini kwa shida, goti likilalamika. Spana ikakamata. Akafungua bolti, akaifuta, akaitia mfukoni mwa shati kama siku zote, na oili ikaanza kushuka, nyeusi, nyepesi, haba. Ilikuwa haba mno! Aliitazama inavyoingia kwenye beseni akaona ni kiasi cha kutia aibu. Akaiacha ichuruzike. Ikakatika, ikadondoka, tone, kimya, tone. Akakaa pale muda mrefu sana. Hakuna aliyechoka kusimama juu.

Hatimaye goti ndilo lililomtoa. Akalivuta beseni taratibu, akatoka nalo akilishika kwa mikono miwili, akaimimina oili ile kwenye dumu jeupe kupitia kitambaa, asipoteze hata kidogo. Akalifunga dumu, akaliweka barazani kivulini, akalitazama. Akabadili filta. Kisha akachukua galoni mpya, akapanda kwenye kigoda cha Ferista, akaweka ule mrija wa chupa, na akamimina.

Alimimina vizuri. Aliinamisha galoni pole pole kama Ferista, hata tone halikuchuruzika pembeni, naye akafarijika kidogo kwamba kumbe mkono wake unaweza. Galoni ikaisha. Akavuta kijiti kupima. Kikavu. Akakifuta, akarudia. Kikavu. Akashuka kwenye kigoda akiwaza mambo ya ajabu, na kandambili zake zikateleza. Akatazama chini.

Oili yote ilikuwa uwanjani. Ilikuwa nzuri, rangi ya asali, imetandaa chini ya pikapu na kuanza kuingia ardhini, na kuku mmoja mpumbavu anaidonoa. Ezron alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Bolti ilikuwa mle.

Akaelewa papo hapo, wala hakujidanganya kwamba ni uzee. Hakufunga kwa sababu hakuulizwa. Miaka yote ile alidhani anajua kubadili oili, kumbe alijua nusu, na nusu nyingine ipo nyuma ya jiko. Aliketi chini palepale kwenye oili, suruali ikalowa, akashika kichwa, na kile ambacho wanaume walimsifia kwa kukizuia kikatoka chote kwa mara moja. Alilia kwa sauti. Alilia hadi Yonasi akakurupuka kwenye ua wake, akachungulia, akaona, akarudi ndani akafunga mlango bila kelele. Kwa hilo Yonasi nampa heshima yake.

Rozi alimkuta hivyo. Alishuka kwenye bodaboda na mkoba begani na mfuko mzito mkononi, mdomo wake tayari umeshaandaa maneno ya kutoka Tunduma hadi pale. Akaona baba yake ameketi ndani ya oili, macho mekundu, bolti kiganjani. Akachuchumaa.

"Baba, umeanguka? Umeumia wapi?"

"Sijaanguka. Nimemimina bila kufunga."

Rozi akatazama uwanja, akatazama bolti. Akafungua ule mfuko wake mzito, akatoa galoni ya oili. "Nilijua hutanunua," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Njia nzima nakusema kwamba hutanunua. Nisamehe, baba. Inuka, turudie."

Alimshika mkono akainuka. Hakumwambia aende akabadili suruali. Ezron akaingia tena chini ya gari, juu ya gunia lililolowa. Rozi akavua koti, akapanda kwenye kigoda. Baba yake akiwa kule chini aliona viatu vya raba vyeupe vya mjini, vinaharibika kwa oili. Akaishika bolti, hakufunga. Hata yeye mwenyewe hakujua anangoja nini. Rozi alikuwa amekulia kwenye uwanja ule, kila Jumamosi ya oili alikuwa akicheza palepale, na neno likamtoka lenyewe:

"Nimimine?"

Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa. Chini ya gari spana ikasikika inakaza, pole pole, mara nyingi kuliko inavyohitajika.

"Baba? Nimimine?"

"Mimina, mama," Ezron alisema.

Rozi akamimina. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta, mikono yote ilikuwa kazini. Alipomaliza walipima, kijiti kikaonyesha sawasawa. Wakaliteremsha gari kwenye magogo. Ezron akakaa kwenye kiti, akashika ufunguo, akatulia kidogo kama mtu anayeomba, akawasha.

Ngo. Ngo, ngo, ngo.

"Iache ipate moto," Rozi alisema haraka. "Si ndivyo unavyosema siku zote? Iache ipate moto." Yonasi naye alikuwa ametoka, amesimama kwenye ua. Wakasubiri wote. Injini ikapata moto. Mlio haukunyamaza, ukazidi, sasa unatoka chini kabisa ndani, chuma kwa chuma, na hata Rozi ambaye kazi yake ni vitenge alielewa. Ikanoki wakiwa wanaitazama. Ilitoa kishindo kimoja, ikajikaza, ikazima yenyewe, na moshi mwembamba ukapanda. Ezron akajaribu ufunguo. Ikajibu tik, basi.

Hakupiga usukani, wala hakulaani. Alichomoa ufunguo akauweka juu ya dashibodi.

"Nilisema nitakuja mwenyewe," alisema.

"Baba, acha hayo. Tutaleta fundi aifungue. Yalikuwa maneno ya hasira tu, yangu na yako."

"Ilikuwa imeshakufa, Rozi. Tangu mvua zile. Nilikuwa naisikia kila siku." Kisha akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Oili ile aliimimina mama yako. Ndiyo maana sikuimwaga. Nilikuwa sina kitu kingine chake."

Rozi aliinamisha kichwa kwenye mlango wa pikapu. Alikumbuka nguo za mama yake, jinsi walivyozigawa siku moja tu na shangazi zake, na hakuna aliyemuuliza mzee kama anataka hata kanga moja. Yeye mwenyewe alichukua tatu. Aliona aibu iliyomchoma hadi akashindwa kumtazama baba yake usoni.

Jioni walifungasha. Haikuwa mizigo mingi. Yonasi aliahidi kuangalia nguruwe na mibuni, akasema atawaambia watu wa Igamba wafunge midomo yao, jambo ambalo sote tunajua haliwezekani. Gari la kukodi la kwenda Tunduma lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi.

"Ngoja kidogo," Ezron alisema. Akachukua dumu jeupe barazani, akachukua brashi na kopo la Ferista, akazunguka nyuma ya jiko. Rozi alimfuata, akasimama mbali kidogo.

Alibomoa vijia vya mchwa vilivyokuwa vimejengwa upya tangu jana. Akaanza kupaka msalaba kutoka juu, mbele na nyuma, polepole, mti ukinywa oili na kuwa mweusi. Alipofika kwenye jina alipaka kwa ncha ya brashi, akizunguka herufi moja moja, asiichafue nyeupe. Alichukua muda wake, na honi ikalia tena, hakuna aliyegeuka. Msalaba ulipokuwa mweusi tii kama nguzo nyingine zote za nyumba ile, dumu lilikuwa limebakiwa na oili kidogo. Hiyo ilikuwa ya chini, ya kuzunguka shina la msalaba, mahali mchwa wanapopandia.

Ezron alipiga goti, lile bovu, akashika dumu kwa mikono miwili juu ya udongo wa mkewe. Akaliinamisha kidogo, halafu akalisimamisha.

"Nimimine?" aliuliza.

Akasubiri. Upepo ulipita kwenye mibuni. Rozi aliyekuwa nyuma yake aliziba mdomo kwa mkono. Ezron akasubiri tena kidogo, kisha akamimina.